Risasi Ishirini na Moja za Kuanzisha Amani

Nchi yetu ina amani sana. Anayebisha hupigiwa risasi hewani mpaka akubali.

Sitaitaja kwa jina, kwa sababu mkataba wangu wa kazi unanikataza kuitaja nchi bila kibali, na ofisa wa kutoa kibali yuko likizo mwaka wa pili sasa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye bendera, wimbo wa taifa wenye beti tisa, na desturi moja inayowashangaza wageni: hapa kila jambo jema hupigiwa risasi. Mtoto akizaliwa, risasi. Akitolewa nje siku ya arobaini, risasi saba. Akifaulu darasa la saba, akioa, akirudi safari, akiunganishiwa maji, risasi. Hatupigi kwa ubaya. Tunapiga kwa furaha, kuelekea mawinguni, na tangu tupate uhuru hakuna kiongozi aliyewahi kueleza risasi zile hushukia wapi.

Mimi najua moja ilikoshukia.

Siku niliyohitimu chuo kikuu, Shahada ya Elimu ya Uraia na Maendeleo, mjomba wangu Mbaruku alitoka uani na bunduki yake akapiga saba kwa heshima yangu. Nilikuwa nimesimama pale pale na joho langu, nimekaza tabasamu kwa ajili ya picha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, Bi Siwema, fundi cherehani aliyenishonea suti niliyoivaa ndani ya joho lile, alikuwa barazani kwake anakunja pindo la gauni la mteja. Risasi moja ikatoboa bati, ikaingia bega lake la kulia. Bi Siwema alipona. Mkono ndio haukupona. Tangu siku ile hauwezi kuzungusha mpini wa cherehani wala kuinua kikombe cha chai.

Mjumbe wa mtaa alimhoji mjomba.

"Risasi yangu mimi naijua ilikokwenda," mjomba alisema. "Ilikwenda juu. Watu mia wameiona. Hiyo iliyoshuka ni ya nani, mimi nitajuaje?"

Mjumbe aliona hoja ina nguvu. Akafunga jalada, akakaribishwa chakula. Desturi yetu inasema mpiga risasi hula sinia la kwanza, lile lenye paja zima la mbuzi juu ya pilau, na mjomba si mtu wa kula peke yake. Jambo hili la sinia sikuliingiza katika utafiti wangu wa baadaye. Niliona ni suala la upishi.

*

Watu waliendelea kushukiwa na risasi, kila mmoja kwa wakati wake na kwa utaratibu, na Serikali iliendelea kuwapa pole. Ndipo siku moja risasi ya furaha isiyojulikana mwenyewe ilishukia katika bustani ya Ikulu, ikamkata tausi manyoya matatu ya mkia.

Taifa lilishtuka. Bendera zikashushwa nusu mlingoti kwa siku tatu, siku moja kwa kila unyoya. Siku ya nne likatoka tangazo: wananchi watapiga kura ya taifa kujibu swali moja tu, iwapo uuzaji wa bunduki na risasi upigwe marufuku. Anayetaka marufuku aweke alama kwenye Kubali, asiyetaka aweke kwenye Kataa.

Nilikuwa sina kazi. Niliandika barua ya kurasa sita kwa Tume ya Kura ya Taifa, nikieleza kwamba niko tayari kuitumikia nchi yangu hata bila posho, na nadhani ni hayo maneno "bila posho" yaliyoifanya barua yangu isomwe. Nikaajiriwa kuwa Afisa Elimu ya Mpiga Kura, Daraja la Tatu. Daraja la Nne halikuwepo.

Mtu wa kwanza niliyekwenda kumwambia alikuwa Bi Siwema. Nilimkuta barazani pamoja na bintiye Jokha, mjamzito wa miezi minane, anajipaka rangi nyekundu ya kucha.

"Bi Siwema, kura imekuja."

"Karibu ukae, Digrii." Mtaa mzima waliniita hivyo, na kwa muda mrefu nilidhani ni heshima. "Kura ya nini tena?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze.

"Mimi sitaki mengi," alisema. "Jokha anajifungua mwezi ujao. Nataka mjukuu wangu siku ya arobaini atolewe nje kwa vigelegele tu. Akilia, alie kwa sababu ya jua. Itawezekana?"

"Itawezekana. Nakuahidi. Ratiba ipo."

"Ipo nini?"

"Ratiba. Nimeipaka rangi."

Jokha aliacha kupaka kucha akamtazama mama yake. Bi Siwema alinitazama mimi, kwa ile huruma ambayo watu wazima humtazamia mtu aliyesoma.

"Haya, mwanangu," alisema. "Ahadi nimeishika."

*

Mdahalo wa Kitaifa ulifanyika katika ukumbi wa Wizara ya Amani. Upande wa Kataa uliongozwa na Waziri wa Amani mwenyewe, Mheshimiwa Mshindo, ambaye pia ndiye mwenye Duka la Utulivu, duka pekee nchini lenye leseni ya kuuza bunduki. Baadhi ya watu waliona mgongano hapo. Wizara ilifafanua kwamba Mheshimiwa akiwa wizarani huvaa tai, na akiwa dukani huvua.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa Mshindo, "bunduki ni nini? Tusiogope maneno. Bunduki ni bomba! Bomba la chuma, lenye tundu. Nani hapa amewahi kuuawa na bomba?"

"Hakuna!" ukumbi ukajibu.

"Serikali hii ndiyo iliyowaletea maji ya bomba. Leo wanakuja vijana wa vyuoni, waliokunywa maji ya bomba hilo hilo, wanasema bomba ni baya!"

Watu walipiga makofi wakasimama. Nakiri kwamba na mimi nilipiga makofi kidogo, kwa mazoea.

Kisha ikawa zamu ya elimu, yaani mimi. Nilikuwa nimeandaa picha arobaini na sita za kuonyesha ukutani, lakini umeme ulikatika kwenye picha ya kwanza, ile yenye jina langu. Nikaendelea kwa mdomo. Nilieleza kwa muda wa nusu saa kwamba dunia ina nguvu ya kuvuta vitu, kwamba risasi ikipanda haibaki huko, kwamba kasi yake ya kushuka inakokotolewa hivi na hivi. Nilipomaliza, mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu wa heshima mwenye kofia, alinyoosha mkono.

"Hiyo sheria ya vitu kushuka," aliuliza, "ilipitishwa na Bunge lipi?"

Ukumbi ukanguruma. Mwenyekiti wa Tume yetu, Jaji mstaafu Fumbwe, aligonga meza.

"Swali zuri," alisema. "Litajibiwa kwa maandishi."

Nililijibu. Kurasa kumi na moja, na mchoro. Sijui kama yule mzee alizipata, kwa sababu nilisahau kumuuliza anakaa wapi.

Hata hivyo niliona matunda upesi. Wiki iliyofuata, watu walijaa mbele ya bango letu la elimu ya mpiga kura, barabara kuu, tangu asubuhi. Foleni ilizunguka kona mbili. Nilisimama upande wa pili nikilengwalengwa na machozi, nikapiga picha, nikaipeleka Tume na maelezo: "Mwamko mkubwa wa wananchi kusoma swali la kura." Picha ilitoka kwenye gazeti la Serikali, ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo niliposoma kilichoandikwa kwenye kitambaa juu ya vichwa vya watu, maana bango letu lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa Duka la Utulivu. Kiliandikwa: NUNUA KABLA YA AMANI.

Watu walinunua. Walionunua moja walirudi kununua ya akiba. Zilipoisha dukani, Bohari Kuu la Taifa likafungua milango yake na kumuuzia Mheshimiwa risasi zote za Serikali, ili wananchi wasikose huduma. Zikaisha nazo. Siku mbili baada ya rafu za mwisho kubaki tupu, Mheshimiwa Mshindo aliita waandishi wa habari, akavua tai, akakumbuka, akaivaa tena.

"Nimeisikia sauti ya wananchi," alisema huku anajifuta macho. "Nahamia Kubali."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nikamkuta mjomba Mbaruku anapaka mafuta bunduki tatu, mbili zikiwa mpya.

"Hata mimi napiga Kubali," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

Nikamkumbatia. "Mjomba! Umeguswa?"

"Nimeguswa sana. Hebu fikiri, Digrii. Mimi ninazo tatu. Wakizuia kuuza, mwenye nazo ndiye mwenye nazo. Yule Masudi wa mtaa wa pili, anayejidai, hana hata moja. Siku ya kumwoza binti yake atakuja hapa kupiga magoti."

Niliandika katika ripoti yangu kwamba asilimia tisini na nne ya wenye bunduki wanaunga mkono amani. Takwimu ilikuwa sahihi kabisa. Nimeikagua mara nyingi tangu hapo, na kila mara huwa sahihi.

*

Jokha alijifungua mtoto wa kike siku nne kabla ya kura. Majirani walipiga tano tu, kwa sababu kila mtu alikuwa anabana matumizi.

Siku ya kura nilipangiwa kituo cha shule ya mtaani kwetu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikakuta foleni ndefu kuliko nilivyowahi kuota, na hakuna mtu hata mmoja. Zilikuwa bunduki. Kwetu, mtu akichoka kusubiri maji huacha ndoo yake imshikie nafasi, akaenda kufanya shughuli zake. Siku ile watu waliona ndoo haina hadhi ya kura ya taifa. Bunduki mia mbili na kitu zilikuwa zimeegemea ukuta wa darasa la kwanza, moja baada ya nyingine, zinasubiri kupiga kura ya kujizuia.

Bi Siwema alifika saa moja, kanga mbili, kadi ya kura mkono wa kushoto. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Samahani, mama," alisema karani wa mlangoni, "mbele yako kuna watu."

"Wako wapi?"

"Wamekwenda kunywa chai. Hizi ndizo nafasi zao."

Bi Siwema aliitazama foleni yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Akarudi nyuma, akajipanga.

"Basi mimi niko nyuma ya hii ya mitutu miwili," alisema kwa sauti. "Akija mwenyewe mwambieni tumekwisha kujuana."

Alipiga kura saa nane mchana. Waliojitokeza, kwa mujibu wa Tume, walikuwa asilimia mia na nane, kwa sababu vituo vingi vilihesabu foleni asubuhi na watu jioni. Kubali ilishinda. Matokeo yalipotangazwa, nchi nzima ilitoka nje kushangilia marufuku ya risasi kwa njia tunayoijua, na mimi nikaisikiliza furaha ya taifa langu nikiwa chini ya kitanda.

*

Nilidhani kazi imekwisha. Sikuwa nimesoma Sheria ya Salamu.

Jaji Fumbwe alinielekeza kifungu chenyewe kwa kidole. Katika nchi yetu, sheria yoyote mpya huanza kutumika pale tu inaposalimiwa kwa risasi ishirini na moja. Sheria ya mbolea ilisalimiwa. Sheria ya vipimo vya mikate ilisalimiwa. Hii nayo.

"Tupige zile tupu, Mheshimiwa, zisizo na risasi," nilisema.

"Jamhuri," alisema Mwenyekiti, akajiweka sawa kitini, "haisalimiwi kwa uongo."

"Basi tupige za kweli."

"Bohari halina hata moja. Ziliuzwa."

"Basi tununue."

Mwenyekiti alifungua muswada wa sheria mpya, akasoma polepole. "Ibara ya nne. 'Kuanzia dakika matokeo yanapotangazwa, mtu yeyote, ikiwemo Serikali, hataruhusiwa kuuza wala kununua bunduki au risasi.' Nani aliandika 'ikiwemo Serikali'?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Niliona ni haki."

"Haki!" alisema, akamtazama katibu wake kama vile nimeingiza mbuzi ofisini.

Ziliundwa kamati tatu. Ya kwanza ilichunguza kama sheria isiyosalimiwa inaweza kuzuia salamu ya kuianzisha. Ya pili ilichunguza ya kwanza. Ya tatu ilitembelea nchi ya kigeni kuona wenzetu wanafanyaje, ikarudi na zulia. Mimi kila jioni nilipita barazani kwa Bi Siwema, na kila jioni alikuwa na swali moja.

"Mtoto ana siku ya ishirini leo. Imeanza?"

"Bado kidogo, Bi Siwema."

"Ana siku ya ishirini na saba."

"Tumefikia hatua nzuri."

Siku ya thelathini na moja hakuuliza. Alikuwa anamwogesha mtoto kwa mkono mmoja, Jokha kamshika upande wa pili, na aliponiona alisogeza tu kigoda kwa mguu ili nikae. Sikulala vizuri. Asubuhi niliingia kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi, nimepata jibu.

"Mheshimiwa, kuuza kumekatazwa. Kununua kumekatazwa. Kupewa hakujakatazwa! Wananchi wazalendo waichangie Serikali risasi ishirini na moja. Iwe zawadi."

Jaji Fumbwe alivua miwani. Alizunguka meza akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Zawadi," alirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza jina la mpenzi. "Kijana, wewe utafika mbali."

Ikatangazwa kwamba kata itakayokamilisha mchango mapema itapewa heshima ya kuandaa sherehe. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Nilipita nyumba kwa nyumba na kapu la ukindu. Mwongozo ulitaka risasi za kila kata ziwe na alama yake, hivyo nilikwenda kwa Jokha kuazima chupa ya rangi ya kucha, nikapaka kila ncha nukta nyekundu. Mjomba Mbaruku alitoa saba.

"Andika jina langu kwa herufi kubwa," alisema. "Na uandike kwamba sikuombwa mara mbili."

Siku ya pili tu nilikuwa nimekamilisha. Kata yetu ilishinda. Niliandika ombi maalumu, na likakubaliwa kwa furaha, kwamba sherehe iwe siku ya arobaini ya mjukuu wa Bi Siwema, saa nne asubuhi, ili saa tano mtoto anapotolewa nje, sheria iwe na umri wa saa nzima. Nilikwenda kurudisha chupa ya rangi na kutoa habari hiyo njema. Kapu lilikuwa begani.

"Risasi hizo zinakwenda wapi?" aliuliza Bi Siwema.

"Zinakwenda kuanzisha sheria."

"Nauliza zinakwenda wapi."

"Juu," nilisema.

Aliniangalia. Niliweka chupa ya rangi juu ya cherehani nikaondoka upesi, kwa kuwa nilikuwa na mengi ya kufanya.

*

Sherehe ilikuwa uwanja wa shule, nyuma ya nyumba za mtaa wetu. Kiti changu kilikuwa safu ya tatu, lakini niliomba ruhusa. Nilitaka kuuona uso wa Bi Siwema dakika sheria inapoanza.

Ua wake ulijaa. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa kwenye masinia, yamefunikwa, na wanaume wa mtaa wote wamekaa mkekani. Nilihesabu wanaume thelathini na sita na bunduki sifuri. Nikahesabu tena. Mjomba Mbaruku alikuwa mbele kabisa, karibu na sinia lenye paja, amekunja mikono kama mwanafunzi mwema.

"Mjomba, bunduki iko wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa sababu ya sheria?"

"Sheria gani? Unataka nile ukoko?"

Nikamfuata Bi Siwema jikoni. "Umefanyaje?"

"Nimepanga upya masinia," alisema, anafunika sufuria kwa mkono wa kushoto. "Nimepita nyumba kwa nyumba kama wewe. Nimesema kwangu aliyekuja mikono mitupu ndiye atakula sinia la kwanza. Aliyekuja na bunduki karibu sana, ukoko upo. Usisimame hapo, Digrii, unaziba moshi."

Nilisimama hapo hapo. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa themanini na nne na mapendekezo kumi na tisa, na hakuna ukurasa wenye neno pilau.

Ilipofika saa nne, kipaza sauti cha uwanjani kilitangaza kwamba Mheshimiwa Mshindo yuko njiani. Saa nne na nusu alikuwa bado njiani. Saa tano kasorobo akaanza kuhutubia, kuhusu bomba. Bi Siwema aliangalia kivuli cha paa, akasema saa ya mtoto ni ya mtoto, haimsubiri waziri. Jokha akatoka, mtoto kamfunika kanga mpya usoni. Bi Siwema akaifunua ile kanga kwa vidole viwili. Mtoto alikunja uso mbele ya jua, akafikiri kidogo, akalia, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia.

"Amelia jua!" Bi Siwema alisema. Hiyo ndiyo picha ninayotaka nibaki nayo.

"...kwa hiyo natamka," kilisema kipaza sauti nyuma ya nyumba, "sheria hii ianze!"

Risasi ya kwanza ililia.

Bi Siwema hakupiga kelele. Alimshika Jokha kiunoni kwa mkono ule mmoja, akamsukuma yeye na mtoto chini ya meza yake ya kukatia nguo, meza nene ya mninga, kisha akajibanza mbele yao, mgongo nje. Waliobaki tulijitupa popote. Wanaume waliopiga risasi hewani maisha yao yote siku ile ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukaa upande wa chini. Mjomba Mbaruku alijifunika sinia la kwanza kichwani, pilau inamtiririka mabegani, paja limeangukia mapajani.

"Mwendawazimu gani huyo?" alifoka chini ya sinia. "Anapiga hewani na watu wako chini!"

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, nahesabu. Kumi na nne. Kumi na tano. Nakiri kwamba hofu ilikuwa kubwa, lakini ndani yake kulikuwa na fahari ndogo, maana kila mlio ulikuwa umetoka kwenye kapu langu. Ishirini. Ishirini na moja. Kimya. Nikaruka nikasimama.

"Tayari!" nilipiga kelele, nimeinua mikono miwili. "Sheria imeanza! Kuanzia sasa tuko salama!"

Kitu kikagonga bati, tang'! Kikabingirika kwenye mikunjo ya bati, bila haraka, watu wote wanakisikiliza, kikafika ukingoni, kikaanguka mbele ya viatu vyangu.

Hakuna aliyesogea. Bi Siwema alijitoa mezani kwanza akamkagua mtoto, kichwa, mikono, vidole vya miguu. Mzima. Kisha akaja akainama, akakiokota kwa mkono wa kushoto. Risasi ilikuwa bado ya moto. Aliihamisha vidole, akaipuliza. Kwenye ncha, imebanduka nusu, ilikuwepo nukta nyekundu.

"Rangi ya Jokha," alisema.

Akanifungua kiganja, akaiweka humo, akakifunga kidole kwa kidole.

"Mpelekee Mwenyekiti wako. Mwambie imerudi."

*

Niliipeleka. Masijala walinionyesha daftari: lilikuwa na safu ya risasi zilizopokelewa na safu ya risasi zilizopigwa, halikuwa na safu ya risasi zilizorudi. Risasi yenyewe iko kwenye mtoto wa meza yangu.

Sheria inafanya kazi vizuri sana. Tangu siku ile hakuna bunduki hata moja iliyouzwa nchini. Kwa Mheshimiwa Mshindo, ambapo sasa panaitwa Duka la Zawadi, mteja hununua kilo moja ya mchele kwa bei ya bunduki, na bunduki hupewa bure. Siku ya ufunguzi alinitaja kwenye hotuba. "Wazo la kijana wetu," alisema, na watu wakanigeukia wakapiga makofi. Nimepandishwa hadi Daraja la Pili.

Upande wetu wa mtaa haujapigwa risasi tena. Masudi wa mtaa wa pili alimwoza binti yake mwezi uliopita, akaja kwa Bi Siwema kuuliza masinia yanapangwaje. Hakuna kamati iliyoundwa.

Na mimi Jumamosi huwa nakwenda barazani. Bi Siwema anaongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, mimi nazungusha mpini wa cherehani. Mwanzo nilizungusha kwa ari sana, mshono ukapinda, akaufumua wote. Ukapinda tena, akaufumua tena. Mtoto amekaa chini ya meza ya mninga anatafuna kipande cha kitambaa. Amejiamulia kwamba hapo ndipo kwake.

"Polepole, Digrii," Bi Siwema ananiambia. "Hii siyo ripoti. Kuna mtu ataivaa."